Migongo ya Picha Zetu

Katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda chetu, mimi na mwenzangu tuna albamu nne na bahasha saba za picha tulizopiga safarini kwa gari tangu mwaka 1989, na kwa muda mrefu tuliamini, kama waaminivyo wengi wa rika letu, kwamba maadamu picha zipo basi safari zenyewe zimehifadhika. Mwezi uliopita mjukuu wetu alilifungua sanduku hilo, akatoa picha ya mwanamke aliyesimama mchangani mbele ya Land Rover, akauliza pale ni wapi. Nikamjibu, bila ya kusita, kuwa ni Somanga. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele ukumbini, akainua uso, akasema, "La, baba watoto, hapo si Somanga. Hapo ni Nangurukuru, na siku ile tuliishiwa maji." Nilikuwa tayari kushindana naye, kwa kuwa ni mimi niliyeendesha gari na ni mimi niliyeishika kamera, lakini alinionyesha ukingoni mwa picha, nyuma ya gurudumu la akiba, mkono wa kijana umeshika dumu la manjano, akanikumbusha kuwa dumu lile tulilinunua hapohapo, njia panda ya Kilwa, kwa mwenye duka aliyekataa kwanza kutuuzia, kwa sababu alikuwa nalo moja tu. Hapo kumbukumbu ikanirudia yote, hata sauti ya mwenye duka. Miaka mingi nilikuwa nimeitazama picha ile na kuidanganya nafsi yangu kuwa naijua.

Kwa kuwa jambo hili linazihusu nyumba nyingi zaidi ya yetu, nimeona ni wajibu kulileta gazetini. Rai yangu ni hii: picha za safari walizopiga mume na mke, wasio mafundi wa kazi hiyo wala wasiotafuta riziki kwayo, si pambo la ukumbi tu bali ni hati za nchi, na hati hizo hazina maelezo ila yaliyomo vifuani mwa wale wawili, nao wana muda wao duniani kama sisi sote. Basi kila nyumba yenye albamu na ikae kitako sasa, wakati wote wawili wangali hai na akili zao timamu, iandike migongoni mwa picha mahali, mwaka na majina ya watu. Kazi hii isiachiwe watoto, kwa maana watoto hawakuwapo, au walikuwapo wamelala kiti cha nyuma.

Nasema wote wawili kwa kusudi. Mwenye kushika usukani na mwenye kukaa ubavuni mwake hupita njia moja, lakini macho yao hayaokoti vitu vilevile. Mimi nakumbuka mashimo, springi iliyokatika, bei ya mafuta na mahali tulipokwama. Mwenzangu anakumbuka tulikula nini, nani alitukaribisha, mtoto gani alikuwa na homa, na neno gani lilisemwa barazani. Tukiulizwa mmoja mmoja, kila mtu hutoa habari nusu, tena nusu hiyo ina makosa; tukiulizwa pamoja, mmoja humsahihisha mwenzake mpaka jambo likasimama. Wazee wetu walipotaka ushahidi wa mashahidi wawili katika mambo mazito ya mali na ndoa, walijua udhaifu wa kumbukumbu ya mtu mmoja. Picha yenyewe si shahidi. Ni kama kisu kilichookotwa mahali pa ugomvi: kinaonekana, kinashikika, lakini hakisemi mikononi mwa nani kilikuwa.

Tena liko jambo jingine ambalo hulitambua mwenye kuzipekua albamu za wawili, nalo ni kuwa mpiga picha hayumo pichani. Mke wangu yumo karibu katika kila ukurasa: juu ya jiwe, chini ya mbuyu, mlangoni pa hoteli, kando ya gari lililofunguliwa boneti. Mimi nimo mara nane tu katika albamu zote nne, na mara mbili kati ya hizo kichwa kimekatwa. Mtu asiyetujua akizipata picha hizi kesho atadhani mwanamke huyu alizunguka nchi peke yake. Ipo picha moja ya Mikindani, ya saa kumi na moja jioni, ambamo kivuli cha mpiga picha kimelala mchangani, kirefu, mpaka kimemgusa mke wangu miguuni. Na hiyo ndiyo alama pekee ya kuwapo kwangu katika safari nzima ya mwaka ule.

Safari hiyo ya 1992 ndiyo ninayotaka kuieleza kidogo, kwa sababu humo rai yangu inaonekana kwa macho. Tulitoka Dar es Salaam kwenda Lindi kumzuru shangazi yake, mwendo wa kilomita zipatazo 450, ambao leo abiria wa basi huumaliza kabla ya jua kuchwa na sisi uliotuchukua siku tatu. Barabara ya Kusini wakati huo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, udongo na mchanga. Masika ikinyesha, watu wa Lindi na Mtwara walikatika na nchi, na mzigo wa korosho au wa chumvi ulingoja baharini kama zamani za mababu. Tulikuwa na mkanda mmoja wa picha 36, ambao kwao tulikuwa tumejinyima, na kabla ya kila picha tulikaa tukashauriana kama jambo lile linastahili. Si uchoyo, ni kwamba hatukujua mkanda mwingine ungepatikana wapi.

Tulifika mto Rufiji, kivuko cha Ndundu, asubuhi, tukakuta foleni ya malori, na pantoni ilikuwa ng'ambo. Tukangoja mpaka alasiri. Siku zile wengi wetu tuliogopa kupiga picha vivuko, madaraja na stesheni, maana mtu aliyeonekana na kamera mahali kama hapo aliweza kuulizwa maswali marefu; nami naamini hofu hiyo ndiyo sababu mojawapo ya picha za vivuko vyetu kuwa haba majumbani. Mke wangu ndiye aliyekwenda kumwomba ruhusa msimamizi, akamwambia kwa adabu kuwa sisi ni watu wa kwenda kwa shangazi, na yule bwana akacheka, akaruhusu picha mbili.

Picha ya kwanza ni ya pantoni ikija, nayo si nzuri. Maji yamekuwa meupe kwa jua na chombo kinaonekana kama sahani juu ya shuka. Ya pili ndiyo ninayoiita johari. Mwenzangu amesimama karibu na mlango wa kupandia, mkono juu ya macho kukinga jua, amejitanda kanga ambayo nusu ya jina lake inasomeka ukitumia kioo cha kukuzia. Nyuma yake kuna lori lililobeba magunia, na juu ya magunia wamekaa watu tisa. Mkono wa kushoto yupo mama aliyebeba samaki wa kukaanga kwenye ungo, na mbele ya mama kuna mvulana ambaye mimi sikumwona kabisa tulipokuwa pale, kwa kuwa sikumpiga yeye, bali ameingia tu. Miguuni amevaa katambuga, zile ndara za mpira wa gari, na begani amechukua baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Alikuwa akienda wapi na baiskeli ile? Mke wangu anasema alikuwa akivuka kwenda kuitengenezesha, kwa kuwa ng'ambo palikuwa na fundi, na kwamba alimsikia akimwambia mama wa samaki maneno hayo. Jambo hilo halimo pichani. Limo kichwani mwa mtu mmoja tu duniani, mwenye umri wa miaka sitini na mitano na anayesumbuliwa na presha.

Mwaka 2003 daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa juu ya mto ule, na pantoni ikaondoka. Furaha yetu ilikuwa kubwa, na iendelee kuwa kubwa. Mtu aliyepata kulala Ndundu na mgonjwa ndani ya gari hawezi kukililia kivuko. Lakini siku daraja lilipofunguliwa, picha yetu ilibadilika cheo bila ya sisi kujua. Ilikuwa picha ya mke wa mtu, ikawa picha ya kitu ambacho hakipo tena, na kijana wa Kilwa aliyezaliwa baada ya hapo hana njia nyingine ya kujua jinsi jimbo zima lilivyongojea chombo kimoja. Wenzetu wa Mombasa na Malindi wanayo yaleyale: mpaka mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja la Kilifi, gari lilivushwa hori lile kwa feri, na mume na mke waliokwenda harusi Malindi kabla ya hapo walipiga picha wakingoja, nazo zimo majumbani, migongo mitupu.

Kutoka Ndundu tuliteremka mpaka Kilwa. Tuna picha tano za Kisiwani, na katika hizo mbili ni za kuta za Msikiti Mkuu na moja ni ya Gereza, ile ngome iliyo ufukweni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari na mvua zilikuwa zikiyala. Yakafanyiwa kazi, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kati ya tarehe hizo mawe mengi yalianguka na mengine yakarudishwa. Picha ya mgeni wa siku moja, aliyesimama mahali pabaya na jua likiwa usoni, inaweza kumwonyesha fundi wa kuhifadhi majengo ni jiwe gani lilikuwa limesimama mwaka gani. Lakini yangu haikuwa na mwaka mgongoni, na kama si mke wangu kukumbuka kuwa alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili ningeiweka mwaka 1994. Kilwa Kivinje tulipiga mlango wa nakshi wa nyumba ya mawe, kwa kuwa mwenye nyumba alituomba tumpige mlango wake badala ya yeye mwenyewe. Nilipita tena mtaa ule mwaka 2011. Nyumba ilikuwa kifusi kilichoota mipapai, na mlango sikuuona.

Huenda msomaji akasema, kazi hii ni ya wataalamu, na picha za nchi zetu ziko tele katika vitabu na majumba ya kumbukumbu. Ni kweli ziko, ila na tutazame ni za nani na ziko wapi. Mwingereza aitwaye Humphrey Winterton alikusanya picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, zaidi ya 7,000, na mkusanyo huo leo unatunzwa kwa uangalifu mkubwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Mume na mke Wamarekani, Martin na Osa Johnson, waliokaa katika msitu wa Marsabit miaka ya 1920 wakipiga picha na sinema za wanyama, wana jumba lao la makumbusho katika mji wa Chanute, Kansas, alikozaliwa Osa. Siwalaumu kamwe, waliotunza wamefanya ihsani hata kwetu sisi, na nimepata kufaidika kwa kuzitazama baadhi ya picha hizo. Lakini mgeni hupiga kilichomshangaza. Atampiga tembo, mpagazi, mwanamke mwenye ndonya, mnara. Hatapiga foleni ya pantoni ila kwa kuikasirikia, wala hatajua kwa nini mvulana anavuka mto na baiskeli nusu. Kile ambacho mwenyeji hukiona ni cha kawaida, na kwa hiyo hukipiga bila ya kukitazama, ndicho kinachokosekana katika hazina zile kubwa, nacho kimo katika masanduku ya bati.

Nikataje na Kilimanjaro, kwa ufupi, kwa kuwa yaliyobaki msomaji atajijazia. Barafu iliyokuwa kileleni mwaka 1912 imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80. Ni watu wangapi waliopita barabara ya Moshi na Himo wakasimamisha gari asubuhi, wakampiga mwenza wao na mlima nyuma? Picha hizo zikiwa na tarehe ni daftari la mlima, na zisipokuwa nayo ni picha za mlima mzuri.

Nimejifunza thamani ya maandishi kwa msiba mdogo. Mwaka 1994 tulipanda Lushoto kutoka Mombo, zile kilomita 33 za kona zinazoshikana na ukingo wa mlima, tukarudi na mkanda uliojaa, nikaupeleka studio moja mjini kusafishwa, na mkanda ukapotea. Nilikwenda mara sita kuuliza. Mke wangu aliponiona nimeghadhibika alitwaa daftari la shule la mtoto, akaketi, akaanza kuandika picha moja baada ya moja kama alivyozikumbuka, nami nikamsaidia, mpaka tukafika 31. Daftari hilo tunalo mpaka leo. "Picha ya 7: mwanamke wa Soni anauza plamu, mtoto mgongoni amelala na mdomo wazi." "Picha ya 12: maporomoko, maji machache, baba amevaa sweta langu kwa baridi." Nawaambieni kwa haki kabisa kwamba katika safari zetu zote, ile ya Lushoto ambayo haina picha hata moja ndiyo tunayoijua kuliko zote, na watoto wetu huisimulia kana kwamba walikuwamo garini.

Sasa nije kwa vijana, ambao hawana mikanda. Mume na mke wa leo wakienda Iringa kwa siku tatu hurudi na picha 600 katika simu mbili. Simu huandika saa na pengine mahali, na hilo ni jambo jema ambalo sisi hatukulipata. Lakini simu haiandiki kwa nini lori lile limewekewa matawi barabarani pale Kitonga, wala dereva wake alisema nini mlipompa maji, na simu huibiwa, huanguka chooni, huuzwa. Picha hupelekwa kwa ndugu, hupendezewa jioni moja, kisha hufunikwa na nyingine. Nasaha yangu kwao ni moja: kila safari ichaguliwe picha ishirini, zichapwe katika karatasi, ziandikwe nyuma, ziwekwe. Gharama yake ni ndogo kuliko nyama choma ya safari hiyo.

Kwa wenye picha za zamani nina maneno ya mikono zaidi kuliko ya kichwa. Andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na kutokea usoni. Na lazeni picha juu ya kioo au meza ngumu, msikandamize. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, ambazo miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa fahari ya kila ukumbi, ni adui. Gundi yake hugeuka manjano na kuing'ang'ania picha, na mwenye kuibandua kwa nguvu huchana uso wa mamaye. Picha za rangi za miaka ya 1970 zinaelekea wekundu hata zikiwa gizani, basi zinakilini mapema. Na sisi wa Pwani tuna unyevu, tuna ukungu na tuna wadudu: sanduku lisikae sakafuni, wala lisiegemee ukuta wa nje. Msitupe mikanda iliyosafishwa mkidhani kazi yake imekwisha, kwa kuwa mara nyingi picha hufa kabla yake.

Kuhusu serikali na taasisi, ombi langu si la kujenga jumba. Kila mkoa una maktaba au ofisi inayoweza kuwa na mashine ya kunakili na mtu mmoja mwenye subira. Mzee alete albamu yake, wakae naye yeye na mkewe kwa asubuhi mbili, wanakili picha na kuandika maneno yao, kisha warudishiwe albamu mkononi siku hiyohiyo. Isichukuliwe. Watu wetu wamezoea kuombwa vitu vya kale na kutoviona tena, na hofu hiyo ni halali.

Kuna haya pia, nayo si jambo la kudharau. Katika miji mingi ya mwambao picha ya mwanamke ni amana ya nyumba, na wapo kina mama ambao hawataki sura zao za ujanani, wamefungua vichwa ufukweni mbali na macho ya watu, zitazamwe na karani asiyewajua. Hukumu iwe yao. Mke wangu mwenyewe ametenga picha kumi na moja katika bahasha aliyoifunga kwa uzi, akasema hizo zitakwenda naye, sikumuuliza zaidi. Ile ya Ndundu ameiruhusu, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe bali liandikwe la mvulana wa baiskeli kama litapatikana. Hatulijui. Tumeandika: "Mvulana mwenye baiskeli, anavuka kwenda kwa fundi, 1992."

Tumeianza kazi hii wiki tatu zilizopita, kila Ijumaa baada ya sala, mkekani, na albamu ya kwanza imekwisha. Mgongoni mwa ile picha ya Mikindani mke wangu aliandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi kwamba kivuli ni cha baba watoto. Ijumaa ijayo tunaanza ya pili, ya Iringa na Mbeya, na humo ipo picha ya mlima na lori ambayo mimi nimekwisha kuiwekea Kitonga. Naye ameitazama jana kwa mbali, akiwa na miwani ya kusomea, akatikisa kichwa.